Kabla begi halijapita kwenye mashine: mzigo na bakshishi kwa wanaotoka Unguja na Pemba kwenda nje

Afisa anayekaa mbele ya skrini ya ukaguzi haoni halua. Anaona rangi. Chakula, nguo, sabuni na plastiki hujitokeza kwa rangi ya chungwa, chuma kwa buluu, vilivyochanganyika kwa kijani, na kitu kizito ambacho miale imeshindwa kukipenya huwa cheusi. Tatizo ni kwamba baruti nyingi nazo hutoka chungwa. Bakuli la halua ya Wete la kilo mbili, likizungushiwa nguo na waya za chaja, huonekana kama donge zito la chungwa lililofungwa nyaya. Hapo mkanda lazima usimame na begi lifunguliwe, awe mwenye begi ni shekhe au mwanafunzi.

Kwa hiyo panga begi lisomeke. Vyakula vizito kama halua, tende, unga na achari viweke juu, vimelazwa bapa, mbali na waya na vyombo vya chuma. Waya zote zikunje pamoja kwenye kipochi kimoja. Halua ya kopo la bati inasumbua zaidi kuliko ya kikapu au ya chombo cha plastiki, kwa sababu bati huficha kilichomo. Na usilishone begi wala kulizungusha gundi mpaka likawa gogo, maana likitakiwa kufunguliwa litakatwa kisu.

Wanaoanzia Pemba wahesabu kilo mara mbili. Ndege ndogo za Chake Chake hadi Unguja kwa kawaida huruhusu kilo 15 kwa abiria, na begi la mkononi limo humo humo, wakati tiketi ya kwenda nje inaweza kukupa kilo 23 au 30. Mwenye mzigo mkubwa ni nafuu apande boti Mkoani siku moja kabla, alale Unguja, asubuhi aende Kisauni kwenye uwanja wa ndege. Katika uwanja wa Abeid Amani Karume mzigo hukaguliwa zaidi ya mara moja, basi fika masaa matatu kabla ya ndege kuruka, na maji ya chupa yamalize kabla ya ukaguzi wa mwisho.

Begi la mkononi lina sheria moja inayowashinda wengi: kila kimiminika kiwe kwenye chupa isiyozidi mililita 100, na chupa zote ziingie kwenye mfuko mmoja angavu wa lita moja. Sheria hii ilikuja baada ya njama iliyogunduliwa London mwezi wa Agosti 2006. Kinachoangaliwa ni ukubwa wa chupa, si kilichobaki ndani. Chupa ya mafuta ya nazi ya mililita 250 iliyobaki robo inatupwa. Asali, shira, achari, siagi ya karanga, mafuta ya karafuu na hata halua laini vinaweza kuhesabiwa humo. Viwanja vichache vyenye mashine mpya vimelegeza, lakini ukibadilisha ndege Doha, Dubai au Addis Ababa unakaguliwa upya, na kinachokuhusu ni sheria ya uwanja mkali kuliko yote njiani. Maziwa ya mtoto na dawa huruhusiwa kwa kiasi cha safari. Vitoe mwenyewe na uviseme kabla hujaulizwa. Dawa ziwe kwenye pakiti zake pamoja na cheti cha daktari, hasa za maumivu zenye codeine au tramadol, ambazo nchi za Ghuba huzidhibiti vikali.

Unga nao una mpaka wake. Kwenye ndege za kwenda Marekani, unga wowote unaozidi mililita 350 katika begi la mkononi, uwe wa mdalasini, bizari au hina, hupata ukaguzi wa ziada na unaweza kuzuiwa. Uingie begi kubwa.

Mbuzi ya nazi ina ulimi wa chuma wenye meno. Haiingii ndani ya ndege kwa namna yoyote. Ifunge ulimi kwa kadibodi na uiweke begi kubwa, pamoja na visu, mchi wa kinu na mkasi mrefu. Pawabenki, yaani betri ya kubeba ya kuchajia simu, ni kinyume chake: marufuku begi kubwa, ruhusa mkononi tu, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto tumboni mwa ndege hakuna wa kuizima. Mpaka ni wati-saa 100. Zidisha mAh, yaani ujazo wa betri ulioandikwa juu yake, kwa 3.7, kisha gawa kwa 1,000: ya 20,000 inatoa 74, inapita, ya 30,000 inatoa 111, na hiyo inahitaji idhini ya shirika la ndege. Iliyofutika maandishi huchukuliwa hata kama ni ndogo.

Kinachowashangaza wengi wetu ni mkaa wa kufukizia. Udi na ubani hauna shida, lakini mkaa unaweza kujiwasha wenyewe na hauruhusiwi mkononi wala begi kubwa. Utanunua huko uendako.

Halafu kuna kupita salama Kisauni ukakamatwa unakoshukia. Umoja wa Ulaya haupokei nyama wala maziwa kutoka kwetu, na embe bila cheti cha afya ya mimea linatupwa. Nanasi, ndizi, nazi na tende zimeachiwa. Marekani kila chakula kitangazwe kwenye forodha. Kutangaza kitu kikachukuliwa si kosa, kukificha ndiko kunakotozwa faini. Tambuu haingii Falme za Kiarabu. Mirungi ni dawa ya kulevya Uingereza tangu 2014. Matumbawe na magamba ya kasa usiguse kabisa, ni biashara inayodhibitiwa duniani kote. Karafuu, ambazo biashara yake iko mikononi mwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, zichukue katika pakiti ya duka pamoja na risiti. Kilo kadhaa kwenye kiroba zinanuka magendo.

Mwanamke mwenye buibui au mtandio ana haki ya kuomba akaguliwe na mwanamke, faraghani. Aombe mapema, kabla ya kupita kwenye lango. Pini na bangili zikivuliwa kabla, mara nyingi hata haja ya kupapaswa haipo.

Sasa bakshishi. Afisa wa ukaguzi, uhamiaji au forodha hapewi kitu, hata dola moja, hata kama amekubebea begi. Hiyo ni rushwa, kwetu na kwao, na noti iliyokunjwa ndani ya pasipoti inaweza kukulaza ndani.

Hamali ni mwengine. Tumezoea bandarini Malindi kupatana bei kabla mzigo haujanyanyuliwa, na huo ni ujira. Marekani hamali wa uwanjani hutarajia dola 1 hadi 2 kwa kila begi bila kupatana, na mhudumu wa mgahawa asilimia 15 hadi 20 ya bili. Huko si ukarimu, ni sehemu ya mshahara: sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mpokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa. Uingereza soma bili kwanza, kwani asilimia 12.5 ya huduma mara nyingi imeshaongezwa, na kulipa juu yake ni kulipa mara mbili. Ufaransa huduma imo ndani ya bei. Ujerumani usiache pesa mezani. Mtajie mhudumu jumla unayotaka kulipa, na asilimia 5 hadi 10 inatosha. Dubai hailazimishwi. Japani usitoe kabisa, utarejeshewa, na mtoaji ndiye atakayeona haya.

Noti ndogo zitafute hapa hapa mjini. Dola za moja moja 20 zinatosha kwa siku za mwanzo. Shilingi usimpe mtu huko, hana pa kuibadilisha, na sarafu za chuma za nchi nyengine ni hivyo hivyo: maduka ya fedha hupokea noti tu.