Kupanga msafara wa pikipiki kutoka Moshi hadi Tanga

Wanachama wa klabu mnaoshuka kutoka Moshi kwenda Tanga kwenye maonyesho ya pikipiki zilizoundwa upya, nawasihi msifuatane kwa kubanana: kiongozi akae upande wa kulia wa njia yenu, anayefuata akae kushoto, na kila mmoja aache nafasi ya sekunde 2 nyuma ya yule aliye mbele yake upande uleule. Mwenye uzoefu mdogo awe wa pili, kamwe asiwekwe mkiani, kwa kuwa wa nyuma ndiye hulazimika kukimbiza ili asiachwe. Segera, ambako barabara ya Tanga huachana na ile ya Chalinze, subirianeni wote. Mkiwa ufukweni, suuzeni kromu na mnyororo kila jioni kwa maji yasiyo na chumvi, kisha mnyororo uutie mafuta ukishakauka.