Somo: "Must" – lini ni amri, lini ni kukisia, na kwa nini "mustn't" haimaanishi "si lazima"

Wengi wanaojifunza Kiingereza huchukua "must" na "lazima" kuwa kitu kimoja, wakaendelea na safari. Sentensi ikiwa ya kukubali hawapati taabu: "You must wait", lazima usubiri. Taabu inaanza sentensi inapokanushwa, inaporudi wakati uliopita, au pale "must" linapoacha kuamuru na kuanza kukisia. Chukua karatasi, maana kila hatua ina sentensi za kujaribu.

Hatua ya kwanza: umbo

"Must" ni kitenzi kisaidizi kisichobadilika. Halichukui "s" kwa nafsi ya tatu, halichukui "ing" wala "ed", na kitenzi kinachofuata hubaki kitupu: "I must go", "she must go", "they must go". Makosa ya kawaida ni "she musts go", "she must goes" na "she must to go". Hilo la tatu ndilo sugu, kwa sababu ndugu zake kadhaa wa karibu wana "to": "have to", "need to", "ought to". Sikio limeizoea, mkono nao unaiandika.

Pia halikai pamoja na kisaidizi kingine cha aina yake. "You will must wait" haipo. Ukitaka kusema "itabidi usubiri", hama uende kwa "have to": "You will have to wait." "Huenda ikabidi usubiri" ni "You may have to wait."

Kwenye swali, "must" linatangulia mtenda: "Must I sign here?" Usiseme "Do I must sign?" Lakini katika mazungumzo ya kila siku utasikia zaidi "Do I have to sign here?" Tahadhari moja: "Must you…?" ukimwambia mtu mara nyingi hubeba kero. "Must you shout?" ni "Hivi ni lazima upige kelele?", na msikilizaji atajua umeudhika.

Matamshi: katika "mustn't" ile "t" ya katikati haitamkwi, ni "masnt". Na "must have" ikisemwa haraka husikika "mastav", ndiyo maana wapo wanaoandika "must of", hata miongoni mwa waliozaliwa na lugha hiyo. Ni kosa. Andika "must have".

Hatua ya pili: tenganisha wajibu na kukisia

Hapa Kiswahili kinakusaidia kuliko unavyodhani. "Lazima" yetu nayo ina kazi mbili. Ukisema "lazima afike", unataja wajibu. Ukisema "lazima amefika", humwamuru mtu. Umeona viatu mlangoni ukafikia uamuzi. Tunachokitumia kutenganisha ni kitenzi: kikikosa kiambishi cha wakati (afike, arudi, asome) ni wajibu; kikiwa na -na- au -me- ni kukisia. Kiingereza kinafanya jambo linalokaribiana sana. Ziandike hizi nne na uzikariri kama wimbo:

- Lazima asome. – He must study.
- Lazima anasoma. – He must be studying.
- Lazima amesoma. – He must have studied.
- Ilibidi asome. – He had to study.

Kitenzi kitupu baada ya "must" kwa kawaida ni wajibu. "Be" yenye "ing", au "have" yenye umbo la tatu la kitenzi, kwa kawaida ni kukisia. Kinachoharibu utaratibu huu ni vitenzi vya hali, yaani "be", "know", "have", "live" na vya namna hiyo, kwa kuwa vyenyewe huwa vitupu katika maana zote mbili. "You must be tired" ni "lazima umechoka", lakini "You must be quiet" ni "lazima unyamaze". Kipimo: weka "nina hakika kwamba" mwanzoni mwa tafsiri yako. Ikikaa vizuri, ni kukisia. "Nina hakika kwamba umechoka" inakaa. "Nina hakika kwamba umenyamaza" haiendani na mtu anayeombwa apunguze kelele.

Kuna shimo moja wengi hulitumbukia. "Lazima mvua itanyesha kesho" ni Kiswahili kizuri, ila "It must rain tomorrow" haibebi maana hiyo. "Must" ya kukisia inahusu yaliyopo au yaliyopita, haitabiri tukio lijalo. Sema "It's bound to rain tomorrow" au "It will definitely rain".

Na kukanusha kukisia? Tumia "can't". "Haiwezekani amelala, taa inawaka": "He can't be asleep, the light is on." Kwa yaliyopita: "He can't have slept." Wamarekani husema pia "He must not be home" kwa maana ya "bila shaka hayupo nyumbani", na kwa kawaida hawaifupishi kuwa "mustn't" katika maana hiyo. Ukiikuta usishtuke, lakini anza na "can't". Inaeleweka kila mahali.

Hatua ya tatu: ukanusho

Ukiwa na muda wa hatua moja tu, soma hii.

Tazama mahali penye ukanusho katika sentensi hizi mbili:

Si lazima uende.
Lazima usiende.

Ya kwanza inakanusha ulazima: ukitaka nenda, usipotaka baki. Ya pili inaacha ulazima palepale na kukanusha kwenda: ukienda umekosea. Kila mzungumzaji wa Kiswahili anaijua tofauti hii bila kufundishwa. Sasa, "must not" ni ile ya pili, siku zote inapohusu wajibu. Ile "not", ingawa imeshikana na "must", maana yake inashuka kwenye kitenzi kinachofuata. "You mustn't go" ni "lazima usiende", yaani ni marufuku. Kwa "si lazima uende", Kiingereza kinatumia neno lingine kabisa: "You don't have to go", au "You don't need to go". Waingereza wana pia "You needn't go".

Angalia jinsi kosa hili linavyoweza kuumiza. Mtafsiri ana maelezo ya dawa yanayosema "Si lazima umeze dawa hii pamoja na chakula." Akiandika "You must not take this medicine with food", mgonjwa aliyeruhusiwa kula amekatazwa. Kinyume chake ni kibaya zaidi: "You must not drive after taking this medicine" ikitafsiriwa "si lazima uendeshe gari", onyo lote limeyeyuka.

Kwa hiyo kabla ya kuandika sentensi yoyote ya kukanusha, itamke kwanza kwa Kiswahili. "Si" ikikaa mbele ya "lazima", andika "don't have to". "Si" ikiingia ndani ya kitenzi, usiende, usiguse, wasichelewe, andika "mustn't". Jaribu tatu hizi: "Si lazima ulipe leo." "Lazima tusichelewe." "Si lazima ajibu maswali yote." Majibu: "You don't have to pay today." "We mustn't be late." "He doesn't have to answer all the questions."

Hatua ya nne: wakati uliopita

"Must" halina wakati uliopita wa wajibu. "Ilibidi", "ilinilazimu", "sikuwa na budi" zote huenda kwa "had to". Sababu iko kwenye historia ya neno lenyewe: katika Kiingereza cha kale "moste" ndilo lilikuwa umbo la wakati uliopita, la kitenzi "motan", kilichokuwa na maana ya kuruhusiwa au kuweza. Polepole likahamia wakati uliopo, maana nayo ikageuka kutoka ruhusa hadi wajibu. Lilipofika huko halikuwa na umbo jingine la kurudi nalo nyuma, na "had to" ndiyo iliyoziba pengo.

Katika usemi wa taarifa hali ni nyepesi zaidi. "She said I must wait" na "She said I had to wait" zote ni sahihi. Ya kukisia inabaki kama ilivyo: "She said he must be ill."

Hatua ya tano: uzito

Vitabu vingi husema "must" ni wajibu utokao kwa msemaji na "have to" ni wajibu utokao nje. "I must call my sister", nafsi yangu inanisuta. "I have to wear a uniform", kazini wameamua. Tofauti ipo, lakini ni nyembamba, na katika mazungumzo, hasa ya Marekani, "have to" hutumika kwa yote mawili. Usipoteze usingizi hapo.

Penye maandishi ya kanuni "must" lina nguvu yake. Waraka unaojulikana kama RFC 2119, wa Machi 1997, unaotumiwa na wanaoandika viwango vya intaneti, unaeleza kwamba "MUST" kwa herufi kubwa ni sharti kamili, "SHOULD" ni pendekezo ambalo haliachwi bila sababu ya msingi, na "MAY" ni hiari. Kwa mwandishi wa maelekezo huo ni mpangilio mzuri wa kuiga.

Kwa mtu aliyekuzidi cheo, kaa mbali na "must". "Inabidi unijibu kabla ya Ijumaa" kwa Kiswahili inaweza kupita kwa sauti laini, lakini "You must reply by Friday" kwenye barua pepe inafika kama amri. Andika "Could you please reply by Friday?" La ajabu ni kwamba kwenye ukarimu neno hilohilo ni la upole: "You must come and see us" ni karibu ya moyo, na "You must try this" ni kusifia. Kinachoamua ni nani anafaidika. Anayefaidika akiwa msikilizaji, "must" haichomi.

Maswali ya wanachama

*Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimekuwa nikiandika "Yesterday I must have gone to the bank" nikimaanisha ilibidi niende benki. Sasa nina wasiwasi.*

Marahaba. Wasiwasi wako ni wa haki. Uliyoandika maana yake ni "bila shaka jana nilikwenda benki", kama mtu asiyekumbuka, aliyekuta risiti mfukoni. Ulichotaka ni "Yesterday I had to go to the bank." Rudi kwenye sentensi nne za hatua ya pili: ya tatu na ya nne ndizo ulizochanganya.

*Swali: Asante kwa somo. Nitajuaje kama "must have" ni kukisia au ni "lazima uwe na"?*

Tazama kinachofuata "have". Kikifuata kitu, "You must have a passport", ni kuwa nacho. Likifuata umbo la tatu la kitenzi, "You must have lost your passport", ni kukisia yaliyopita. Na kile cha kwanza bado kina maana mbili: "You must have a key" yaweza kuwa "lazima uwe na ufunguo" au "bila shaka una ufunguo". Hapo muktadha ndio unaoamua.

*Swali: Nimekuta "This book is a must". Imekuwaje ikawa na "a"?*

Hapo ni nomino: kitu cha lazima, kisichofaa kukosa. Wingi wake ni "musts". Zipo pia "must-see" na "must-have", zinazoandikwa kwa kistari. Ni lugha ya mazungumzo na matangazo; kwenye ripoti andika "essential".

*Swali: Na "a bull elephant in must"? Kamusi yangu imenichanganya.*

Hilo ni neno jingine, limefanana tu kwa sura. Ni hali inayowapata tembo dume ya ukali na homoni kupanda, na limetokana na neno la Kiajemi lenye maana ya kulewa. Wengi huliandika "musth", na hiyo inaondoa utata. Lipo na la tatu, "must" ya watengeneza mvinyo: juisi ya zabibu kabla haijachacha, kutoka Kilatini.

*Swali: Kuna tofauti gani kati ya "You must" na "You are supposed to"? Mimi nazitafsiri zote "unapaswa".*

"Supposed to" inataja kinachotarajiwa, na mara nyingi inadokeza kwamba hakifanyiki. "You're supposed to knock" ni "ulipaswa kubisha hodi", na aliyeambiwa huenda ameshaingia. "You must knock" haina dokezo hilo. "Unapaswa" peke yake huegemea zaidi kwa "should".

*Swali: Natafsiri mkataba. "Mpangaji atalipa kodi" niandike "shall pay" au "must pay"?*

Mikataba mingi ya Kiingereza imezoea "shall". Lakini miongozo ya lugha rahisi ya serikali ya Marekani inashauri "must", kwa kuwa "shall" husomwa kwa maana zaidi ya moja. Ukiwa na mkataba wa awali unaoufuata, tumia neno lake lilelile toka mwanzo hadi mwisho. Ukichanganya "shall" kwenye kifungu kimoja na "must" kwenye kingine, msomaji atadhani ulikusudia tofauti. Na kifungu cha "mpangaji halazimiki kulipa" kisije kikageuka "the tenant must not pay"; andika "is not required to pay".