Namna ya Kukarabati Nyumba ya Familia Yenye Uhitaji kwa Kazi ya Kujitolea Kanisani

Kabla ya kununua hata msumari mmoja, wazee wa kanisa wamwone mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji nchini Uganda, na kuhakikisha kwamba kiwanja ni cha familia hiyo, kwa maana nyumba ya mjane ikishapendeza huweza kuamsha madai ya ndugu wa marehemu; makubaliano yaandikwe, na majirani washuhudie. Kusini mwa Uganda, kazi ipangwe kati ya Juni na Agosti, ili mvua za Septemba hadi Novemba zisikute kuta ziko wazi.

Anzeni na paa, kwani ukuta wa udongo haudumu chini ya bati linalovuja. Mbao zilizoliwa na mchwa ziondolewe zote, hata zile zinazoonekana nzima kwa nje, na misumari ya bati ipigwe juu ya mgongo wa bati, kamwe si bondeni ambako maji hupita. Kisha chimbeni mfereji kuzunguka nyumba, mkandike kuta upya kwa udongo uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa. Sala ifanyike pamoja na wenye nyumba wakipenda, wala imani yao isiwe sharti la kusaidiwa.