Mfuko ulioandikwa "unaoza": namna ya kuupima nyumbani

Tangu Tanzania ipige marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, tarehe 1 Juni 2019, madukani kumejaa mifuko mbadala yenye picha ya jani la kijani na maneno "rafiki wa mazingira". Mingi ukiishika utadhani ni kitambaa, kumbe ni nyuzi za polipropilini, plastiki ileile ya viti na mabeseni, zilizogandamizwa kwa joto. Kuiuza si kosa ikitimiza kiwango cha TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Kosa ni kumwambia mnunuzi kwamba inaoza.

Anza na uzito. Kiwango kinataka mfuko huo usipungue GSM 70, yaani gramu 70 kwa mita ya mraba, ili ustahimili kutumika tena na tena. Kata vipande 10 vya sentimita 10 kwa 10, mbali na mshono na mpini. Vipime vyote pamoja, kisha zidisha kwa 10. Gramu 7 ni GSM 70. Ukipata gramu 3 au 4, hilo ni rambo lililobadilishiwa nguo. Usipime kipande kimoja: mzani wa jikoni unaosoma gramu nzima hauwezi kutofautisha 0.4 na 0.7.

Sasa maji. Tia tone la sabuni kwenye bakuli la maji, zamisha kipande na ukibinye kwa vidole mpaka mapovu yaishe. Hapa ndipo wengi hukosea, kwani hewa iliyonaswa kati ya nyuzi huelesha hata kinachopaswa kuzama. Polipropilini na polithini, plastiki ya rambo, ni nyepesi kuliko maji, huelea. Plastiki za wanga na za PLA (plastiki itokanayo na mimea), ambazo kweli zinaweza kuoza, huzama. Kikielea, dai la kuoza limeanguka. Kikizama, bado hujathibitisha kitu, maana hata polyesta huzama, na polithini iliyochanganywa na unga wa chokaa pia.

Moto utakusaidia kutenganisha pamba na plastiki tu. Fanya nje, ushike kipande kwa koleo juu ya beseni la maji, kwa sababu matone yake hunata kwenye ngozi. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Plastiki hujikunja, hudondoka, kisha huganda kuwa punje ngumu.

Mfuko wa karatasi unaong'aa ndani, uloweke usiku kucha: karatasi itavurugika na utando wa plastiki utabaki mkononi.

Muuzaji akikuonyesha cheti, soma masharti yake. Kiwango cha Ulaya cha EN 13432 kinadai asilimia 90 ya plastiki iwe imeoza ndani ya miezi 6, lakini katika mtambo wa mboji wenye joto la takriban nyuzi 58 za Selsiasi. Shimo la taka nyuma ya nyumba halifiki huko, sembuse mtaro. Neno "okso" ni baya zaidi: ni plastiki ya kawaida iliyotiwa kemikali ya kuimegua iwe vipande vidogo, na Umoja wa Ulaya uliziondoa sokoni bidhaa zake mwaka 2021.

Kauli za serikali nazo zipimwe hivyohivyo. Ukisikia "tumepiga marufuku plastiki", uliza ni plastiki ipi. Katazo la 2019 liligusa mifuko ya kubebea. Vifungashio vya dawa, vya viwandani na vya kilimo viliachwa. Kenya nayo, mwezi Agosti 2017, ilianza na mifuko, si chupa.

Ukitaka kulalamika TBS au Tume ya Ushindani, usipeleke hasira. Peleka risiti, picha za pande zote mbili za mfuko, uzito uliopata, na swali moja la maandishi kwa mtengenezaji: unaoza wapi, kwa muda gani, na nani aliupima? Bakiza mfuko mwingine mzima kama sampuli.