Gitaa kavu linaumiza vidole? Lirekebishe kabla hujanunua jingine

Wadau wa magitaa, hasa nyie mnaopigia kwaya na mnaojifunzia nyumbani, hii ni yenu. Yale magitaa kavu (yasiyo ya umeme) ya bei ya chini mengi siyo mabovu kabisa, shida yametoka kiwandani hayajamaliziwa, nyuzi ziko juu mno, mtu anapambana na kodi (chord) ya F mpaka vidole vinachubuka halafu anaacha anasema hana kipaji. Hii kitu inaniuma sana, maana dawa yake inafanyika kwenye meza ya kawaida tu na vifaa vingi vipo kwa seremala na kwa fundi wa kulehemu hapo mtaani.

Kwanza hakikisha gitaa ni la nyuzi gani. Lililotengenezwa kwa ajili ya nyuzi za nailoni usilifunge nyuzi za chuma hata kama nailoni zimeadimika, seti nyepesi ya chuma inavuta jumla ya kilo 70 na kitu wakati nailoni ni kama 40 hivi, kwahiyo mbao ya mbele itavimba au daraja (kile kibao kinachoshika nyuzi kwenye boksi) ling'oke. Haya yote ninayoeleza chini ni ya gitaa la nyuzi za chuma.

Sasa fuata mpangilio, shingo kwanza, halafu mfupa wa juu (karibu na kichwa), halafu wa chini (ule wa kwenye daraja). Ukianza na wa chini kabla shingo haijanyooka utasaga mfupa ambao hukutakiwa kuusaga.

Shingo: tyuni gitaa vizuri, bana uzi mnene kwenye freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) ya 1 na kwa mkono mwingine ubane pale shingo inapokutana na boksi, mara nyingi freti ya 14, kisha angalia nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya 7. Inatakiwa kama milimita 0.2 hadi 0.3. Karatasi ya fotokopi ina unene wa karibu 0.1 kwahiyo zikipita mbili au tatu bila kuuinua uzi uko sawa. Nafasi ikiwa kubwa shingo imepinda kwenda mbele, tafuta tundu la nondo ya shingo (chuma cha ndani kinachoinyoosha), linakuwa kichwani chini ya kifuniko kidogo au ndani ya tundu la sauti, ingiza alenki, ule ufunguo wa pembe sita (nyingi ni namba 4 au 5), zungusha kufuata saa robo mzunguko basi, tyuni tena, pima tena. Ikikaza sana usilazimishe, nondo ikikatika hiyo siyo kazi ya mezani tena.

Mfupa wa juu, ule mweupe karibu na kichwa, ndiyo ninaousisitiza kuliko vyote na ndiyo watu wengi hawaugusi. Mifereji yake ikiwa haina kina cha kutosha, noti za freti ya kwanza zinakuwa ngumu na zinapanda juu ya tyuni, ndiyo maana F inauma na bado inasikika vibaya hata kama umetyuni kwa programu ya simu. Kupima ni rahisi, bana uzi kwenye freti ya 3 halafu angalia juu ya freti ya 1, inabaki nafasi ndogo sana kama unywele, ukiugonga kwa kidole unasikia kamlio kadogo. Ikizidi hapo chimba mfereji. Zile tupa maalumu ni ghali na huku hazipatikani kirahisi, nenda kwa wanaouza vifaa vya kulehemu kwa gesi uulize vile viwaya vya kusafishia ncha ya tochi, vinakuja seti ya unene tofauti tofauti na vina meno madogo, chagua kinachokaribiana na unene wa uzi wako. Sugua ukiinamisha kuelekea kichwani ili uzi ukae kwenye ukingo wa mbele, sugua kidogo, rudisha uzi, pima. Ukipitiliza uzi utatoa mlio wa zzz ukiupiga wazi, hapo jaza unga wa mfupa na tone la supaglu, ukauke kabisa, uanze upya.

Kama ni wa plastiki nakushauri utengeneze wa mfupa kweli, sauti ya nyuzi za wazi inabadilika na mifereji haiishi haraka. Mfupa mnene wa mguu wa ng'ombe unaupata buchani, ondoa nyama na uboho, chemsha kiasi, loweka kwenye maji ya sabuni siku kadhaa mafuta yatoke, anika kivulini mpaka ukauke kabisa. Kata kwa msumeno wa chuma, saga kwa msasa namba 120 ukimalizia na 600. VAA BARAKOA, vumbi la mfupa ni baya kwa mapafu. Wa zamani unautoa kwa kukata rangi pembeni yake na wembe kisha kuugonga taratibu na kipande cha mbao.

Mfupa wa chini ni hesabu tu. Pima kutoka juu ya freti ya 12 mpaka chini ya uzi, mnene lenga milimita 2.5 na mwembamba 2 au pungufu kidogo. Ukitaka kushusha milimita 1 pale kwenye 12 unasaga milimita 2 chini ya mfupa. Weka msasa juu ya kioo, chora mstari kwa penseli, saga ukiwa umeusimamisha wima, upande wa chini ukiwa na mgongo gitaa linapoteza sauti.

Uzi ukilia zzz sehemu moja tu ya shingo, ni freti iliyoinuka. Simamisha ukingo wa kadi ya benki juu ya freti tatu, ikicheza ya katikati ndiyo tatizo, ziba mbao kwa selotepu ya karatasi, punguza hiyo freti kwa tupa laini, rudisha umbo la duara, ng'arisha kwa msasa 400 mpaka 1000.

Daraja lililobanduka usilipige supaglu wala gundi ya kopo mbili (epoksi), tafadhali. Gitaa likikaa chini ya bati au kwenye gari juani gundi inalegea na daraja linainuka nyuma, ingiza ncha ya karatasi utaona. Litoe lote kwa joto la pasi na kisu chembamba, kwangua gundi ya zamani pande zote mpaka uone mbao tupu, paka gundi nzuri ya mbao ile ya manjano, bana. Klampu ndefu ya kuingia tundu la sauti kama huna, pitisha boliti mbili kwenye matundu ya pini ya uzi wa 1 na wa 6, ndani weka kibao kilichofungwa nailoni kisigande, kaza, acha saa 24 bila nyuzi.

Kama daraja lenyewe limepasuka chonga jipya la mpingo, Dar vipande vinapatikana kwa wachongaji wa Mwenge, ila wao mara nyingi wanachonga mbao mbichi kwahiyo kipime uzito kila wiki mpaka uache kupungua ndiyo ukitumie, na kabla ya gundi kifute na spiriti maana mpingo una mafuta.

Ukitaka kuchomeka kwenye spika, maduka ya vipuri vya redio yana vile visahani vya shaba vya piezo (vinavyogeuza mtikisiko kuwa umeme) vya bei ndogo sana, kibandike ndani chini ya daraja upande wa nyuzi nyembamba, unganisha waya wenye ganda la kuzuia kelele mpaka kwenye jeki. Usichomeke moja kwa moja kwenye mikisa, sauti itakuwa nyembamba ya bati, pitishia kwanza kwenye priampu (kikuza sauti cha awali) ya gitaa kavu yenye ingizo la megaohm 1 au zaidi.