Somo: kuotesha bogenvilia kwa vipande vya matawi, ile inayokataaga kutoa mizizi

Habari zenu wapendwa. Hili swali nimeulizwa sana kwahiyo naliandika mara moja tusome wote. Unaomba tawi la bogenvilia kwa jirani, unachomeka, wiki ya pili linachipua majani mazuriii unaanza kutangazia watu, wiki ya nne majani yanalegea, yanakauka, ukilivuta chini halina hata uzi mmoja wa mzizi. Ni kwamba tawi lina akiba yake ndani, linachipua kwa hiyo akiba, ikiisha kabla mizizi haijatoka ndo basi tena. Kwahiyo kabla hatujaanza shikeni hili, majani siyo mizizi.

HATUA YA 1, tawi. Wengi wanapotea hapahapa. Ile ncha laini ya kijani acha, inaoza. Shina la zamani lenye gome gumu linachelewa mno. Chukua la katikati, limeshaanza kuwa kahawia ila ukilikwaruza kwa kucha ndani unakuta kijani kibichi, unene kama penseli, urefu sentimita 15 hadi 20, liwe na macho 4 au 5 (jicho ni pale jani linapotokea kwenye tawi). Kata asubuhi mapema, na ukate mti ukiwa umeshiba majani, siyo umejaa maua, maana tawi lenye maua nguvu zake zimeshaenda huko. Chini kata mshazari karibu kabisa na jicho, juu kata nyoofu, usije ukachomeka kichwa chini, vikishakuwa vipande thelathini mezani inatokea kirahisi tu. Toa majani yote na zile rangi zote pia (zile za pinki kumbuka siyo maua, ni majani yaliyobadilika rangi, ua lenyewe ni kale keupe kadogo katikati). Na vaa glovu, ile miiba siyo ya mchezo.

HATUA YA 2, udongo. Samadi hapana, hapa hatulishi mtu tunasubiri mizizi. Mchanga wa mto wenye chembe kubwa sehemu 2, pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi (zisifike majivu) sehemu 1. Mwagia maji yaliyochemka, acha upoe, jaza kwenye viriba. Jaribu hivi, mwaga kikombe cha maji juu, yapite yatokee chini hapohapo, yakituama ongeza mchanga. Na kiriba kimoja kipande kimoja, sababu nitaisema huko chini.

HATUA YA 3, homoni. Maduka mengine ya pembejeo wanauza unga wa homoni ya kutoa mizizi, omba wa miti migumu, angalia kwenye kopo imeandikwa IBA asilimia 0.8. Lowanisha kitako cha kipande, chovya kama sentimita 2, kung'uta. Toboa shimo na kijiti kwanza ndo uchomeke, ukisukuma moja kwa moja unga wote unabaki juu ya mchanga. Macho mawili yawe ndani. Shindilia na vidole.

HATUA YA 4, kifuniko. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata kitako, funika. Majani yakichipua yanapoteza maji hewani na chini hakuna mzizi wa kuyarudisha, chupa inaizuia ile hewa yenye unyevu isitoke. Weka kwenye kivuli chenye mwanga, jua kali lisipige maana chupa itapika kipande chako. Mwagilia siku ya kwanza, baada ya hapo ukiona matone ndani ya chupa usiongeze hata tone.

HATUA YA 5, subira. Wiki 6 hadi 12, msinilaumu. Mwaka wangu wa kwanza hapa Tanga nilikuwa nachomoa kimoja kila wiki niangalie, wiki ya tano nikakuta pale nilipokata kuna uvimbe mweupe kama punje za mchele, yaani kipande kilikuwa kinajiandaa kutoa mizizi kabisa, nikakirudisha, kikafa. Iliniuma sana. Na hata mizizi ikishatoka inakatika kama tambi kavu, ndo maana nikasema kiriba kimoja kipande kimoja, ukivitenganisha unabaki na vijiti. Tazama matundu ya chini ya kiriba, ukiona nyuzi nyeupe zinachungulia umefika. Hapo legeza kifuniko kidogo kidogo wiki nzima kabla ya kukitoa.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada, mimi niko Dodoma, homoni sijaipata, alovera inafaa?
Watu wengi wanapaka, haidhuru, ila sikudanganyi kwamba inafanya kazi sawa na homoni. Ongeza idadi, kama ulitaka miche 5 chomeka 20.

Yangu ina majani sita tayari, wiki ya tatu, niihamishie kwenye chungu?
Hapana kaka yangu, tafadhali. Rudia kusoma mwanzo.

Shikamoo dada, ile yenye majani ya mabaka meupe nimejaribu mara nne imekataa.
Marahaba mdogo wangu. Hiyo ni ngumu kweli, jani likipungua kijani linatengeneza chakula kidogo. Usiikate, itolee mizizi hukohuko juu ya mti. Bandua gome kuzunguka tawi lote, upana wa sentimita 2 hivi, kwangua ule utelezi wote mpaka ufike kwenye mti mkavu, paka homoni, zungushia makumbi ya nazi yaliyolowa, funga na nailoni huku na huku. Maji yanaendelea kupanda kwa ndani, chakula kinachoshuka toka kwenye majani kinakwamia pale, ndo mizizi inatokea. Kata ukishaiona imejaa. Au ibebeshe, yaani uunganishe kipande chake juu ya shina la ile ya zambarau ya kawaida, kama wanavyobebesha michungwa kwenye limau kule Muheza.

Vyangu vimekuwa vyeusi chini, naokoa vipi?
Maji yamezidi. Kata juu ya weusi mpaka uone kijani kitupu, kama macho matatu yamebaki chovya homoni upya, mchanga mpya, kiriba kipya. Ule mchanga wa zamani kamwage mbali.