Angalia pakeji kabla hujaendesha kodi

Ukitumiwa kodi ya Python na mwenzio usikimbilie kuiendesha. Ifungue kwanza usome zile laini za juu zenye import, hapo ndo utajua inataka pakeji gani, yaani vifurushi vya kodi iliyokwisha andikwa na wengine. os na json usihangaike nazo, zinakuja na Python yenyewe. Pandas je, ile pakeji ya kuchambua data? Nenda taminali, lile dirisha la kuandika amri, uandike python -m pip show pandas (pip ndo chombo cha kuweka pakeji za Python), ikileta jina na vasheni ipo, ikitoa onyo haijaipata basi weka: python -m pip install pandas.

Mbona nisiseme pip tupu? Kwa sababu kompyuta nyingi, haswa hizi za saiba huku Mwembe Tayari, Mombasa, zinazoguswa na kila mtu, zina Python mbili tatu, unaweka pakeji kwa hii alafu kodi inaenda kusoma kwa ile, unabaki na ModuleNotFoundError (kosa la kusema pakeji haipatikani) na pakeji umeiona kwa macho yako yakhe!

Majina nayo yanachenga, kodi inasema cv2 lakini unaweka opencv-python, bs4 ni beautifulsoup4. Kukiwa na requirements.txt, faili yenye orodha ya pakeji zinazotakiwa, ni raha, python -m pip install -r requirements.txt inaweka zote mara moja, bora bando itoshe. Alafu piga python -m pip check uone kama kuna vasheni zinazogombana.